Hita ya gesi ndani ya Hiace ya kuoshea vioo

Mwosha Vioo, Raskazone: Shikamooni wakubwa. Ninaosha vioo vya hoteli na ofisi hapa Tanga, na kwa kuwa chumvi ya bahari ikishikana na vumbi haitoki kirahisi kwa maji baridi, ninataka kufunga hita ya gesi ndani ya Hiace. Je, inatosha kuacha mlango wa nyuma wazi inapowaka?

Fundi Gesi, Ngamiani: Marahaba. Haitoshi. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu hata oksijeni ikakosa nafasi. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa na kichefuchefu, ambazo wengi husingizia jua. Upepo wa baharini ukigeuka, mlango huohuo utarudisha moshi ndani. Tafuta hita iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, si ile ya bafuni, na bomba lake la moshi litokeze nje ya bodi.

Mama Usafi, Chumbageni: Naongezea habari ya mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini. Tundu la hewa lililo juu peke yake halisaidii, sharti liwepo na la sakafuni. Mtungi usimame wima, ufungwe mkanda, na valvu ifungwe kabla gari halijaondoka. Viungo vya mpira vipake povu la sabuni (hiyo hamuikosi), na mapovu yakivimba ujue panavuja.

Mwosha Vioo: Ahsanteni. Na kijana wangu akijipumzisha ndani hita ikiwaka?

Fundi Gesi: Asithubutu, mdogo wangu. Hata kula asilie humo.