Kama hamnitaki semeni! Ni Machi na bado sijui nisubiri au niombe tena

Wakuu, mnisamehe kwa ukali, ila leo nisipolitoa hili dukuduku nitapasuka. Mliopitia kuomba vyuo vya udaktari hapa Marekani mtanielewa.

Juzi niko zamu ya usiku (nahudumia wagonjwa kwenye nyumba ya wazee), simu ikatetemeka mfukoni. Kuchungulia, naona jina la chuo ambacho fomu yangu iko kwao tangu Agosti. Moyo paa! Nikamaliza kumgeuza mzee niliyekuwa naye, nikanawa mikono, nikaenda kujifungia chooni nisome vizuri. Nikajua ndiyo naitwa usaili. Kumbe ni mwaliko wa kikao cha mtandaoni: "Jinsi ya kujiandaa kuomba tena."

Kuomba tena! Watu hawajanikataa bado! Nikafungua akaunti yangu kwao palepale chooni, nikakuta sentensi ileile ya kila siku: "Maombi yako yanaendelea kupitiwa." Sasa nishike lipi?

Niliomba vyuo 18. Saba vimenikataa, na hivyo saba navipa heshima zote, maana nililia siku mbili yakaisha. Kimoja kiliniita usaili Januari, kikaniweka kwenye orodha ya kusubiri. Kumi vimeuchuna. Si ndiyo, si hapana. Na hawa kumi ndio walikuwa hodari wa kudai ada ya fomu ya pili (ile ya maswali ya chuo chenyewe), karibu dola 100 kila mmoja, tena wakitaka fomu irudishwe ndani ya wiki mbili. Jumla, na ada ya AMCAS (mfumo wa pamoja unaopokea fomu ya kwanza na kuisambaza vyuoni), nimetoa zaidi ya dola 2,600. Zamu ngapi hizo za kugeuza wazee, fanya mwenyewe hesabu.

Kabla hamjaanza kunirushia mawe: ndiyo, nilichelewa. Nilituma wiki ya kwanza ya Julai kwa sababu profesa mmoja alikalia barua yangu ya mapendekezo, kisha uhakiki wa maksi ukala wiki kadhaa. Vyuo vingi vinasoma maombi kadiri yanavyoingia na kuita watu hivyohivyo. Kuanzia tarehe 15 Oktoba vinaruhusiwa kuanza kugawa nafasi, kwa hiyo kuna watu walikuwa wanapongezwa wakati fomu yangu pengine hata haijafunguliwa. Hilo nalikubali, kosa langu.

Nisichokubali ni hii kalenda. Kila anayekushauri anasema ukitaka kuomba tena, tuma mapema. Sawa. Fomu mpya inafunguliwa mwanzoni mwa Mei, inaanza kutumwa mwishoni mwa Mei au Juni. Lakini orodha ya kusubiri haisogei sana mpaka ipite tarehe 30 Aprili, siku ambayo wenye nafasi zaidi ya moja wanatakiwa wawe wamebaki na moja. Baada ya hapo inaweza kusogea Mei, Juni, Julai, mpaka karibu na masomo kuanza. Kwa maana hiyo nikae roho juu nikisubiri mwaka huu, na papo hapo nilipie mwakani kana kwamba nimeshakosa.

Na MCAT, ule mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, je? Alama zangu zinakaribia miaka mitatu, na vyuo vingi havipokei alama zilizopita hapo. Kila kimoja kinahesabu kwa namna yake, kingine kuanzia siku uliyotuma, kingine kuanzia mwezi wa kuanza masomo. Majibu yanachukua kama mwezi kutoka. Ili Juni niwe na alama mpya mkononi, nifanye Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kiti cha karibu nilitakiwa nikilipie zamani. Wala si mtihani wa kufanya kwa kubahatisha. Mwisho ni mara 7 maisha yako yote, na alama za kila jaribio vyuo vinaziona. Nikishuka je, wakati pengine Juni ningepigiwa simu na ile orodha?

Halafu ukiomba tena kuna swali linalokungoja kwenye fomu za pili: nini kimebadilika tangu ulipoomba mara ya mwisho? Jamani. Mara ya mwisho ipi, na wewe hujanijibu hiyo ya mwisho? Nimeishi na insha ya herufi 5,300 mwaka mzima, natakiwa niiandike upya nisionekane nimenakili, na hakuna aliyeniambia ile ya kwanza ilikuwa na ubaya gani.

Ukiuliza unaambiwa tulia, msimu wa usaili unaenda mpaka Machi, kuna mtu aliitwa wiki ya mwisho akapata. Nami namjua mmoja. Ila huyo mmoja ndiye anayetufanya wengine wote tukae kama mke aliyekimbiwa bila talaka: hujaachwa, hujaolewa, na ukiuliza unajibiwa "mumeo anarudi". Nipeni talaka yangu niende zangu!

Siombi upendeleo. Chuo kikishajaza nafasi zake za usaili, na wanajua siku walizozijaza, watume mistari miwili: hatutakuita. Kompyuta iliyoweza kunialika kwenye kikao cha kuomba tena haishindwi na hilo. Kama ni kwa sababu wanataka kubaki na watu wa akiba, basi waseme wazi kwamba wewe ni wa akiba, nijue ninasubiri nini.

Sasa nauliza walioyapitia. Kwanza, kuna aliyerudia MCAT Aprili huku yuko kwenye orodha ya kusubiri, na akaja kuitwa? Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: barua za mapendekezo zinatakiwa zitumwe upya. Yule profesa aliyeikalia barua mpaka Julai nimwambieje? Jumatatu amenikuta kwenye korido akaniuliza kwa furaha, "Vipi, daktari, wamekujibu?" Nikacheka tu, nikasema wanaendelea kupitia.