Nasali tangu utotoni lakini sihisi chochote. Je, imani yangu ina kasoro?

Dada Mkubwa aliuliza:

Ndugu zangu, naombeni msaada, jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu. Nimelelewa katika sala na sijawahi kuiacha. Naamini Mungu yupo na ananisikia. Ila mimi simsikii. Mdogo wangu wa kike akifumba macho tu machozi yanamtiririka, mwili unamsisimka, akimaliza anasema Bwana amemwambia hili na lile. Tumetoka tumbo moja, mama mmoja ndiye aliyetufundisha kusali. Kwangu mimi maneno yanatoka mdomoni, kisha kimya, kisha najikuta nawaza nguo nilizoanika nje. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi aliniambia mbele ya wenzangu kuwa ipo dhambi sijaitubu, ndiyo inayoziba mlango. Nimejichunguza mpaka nimechoka. Mnaosoma saikolojia mnasemaje? Wapo watu walioumbwa wasihisi?

Darasani alijibu:

Dada, pole sana, na zaidi kwa kuambiwa hivyo hadharani. Nafundisha saikolojia na mimi pia ni mtu wa sala, kwa hiyo swali lako nalijua kwa pande zote mbili.

Nianze na mtu mmoja, William James, mwanasaikolojia Mmarekani aliyetoa mihadhara huko Edinburgh mwaka 1901 na 1902 juu ya namna wanadamu wanavyomwonja Mungu. Mpaka leo hakuna anayesoma taaluma hii akamkwepa. Alikusanya shuhuda za watu waliobadilika usiku mmoja, waliosikia sauti, walioona nuru. Halafu anapofika kwenye hali za juu kabisa za kiroho anasema wazi kwamba maumbile yake yeye yanamfungia nje karibu kabisa, kwamba anazizungumzia kwa kusikia kwa wengine tu. Neno lake ni maumbile. Hakutaja dhambi.

Utafiti wa baadaye umempa haki. Mwaka 1974 Auke Tellegen na Gilbert Atkinson walitunga dodoso lenye maswali kama haya: je, unaposikiliza muziki unasahau kila kitu kingine? Je, hadithi inaweza kukubeba hadi ukaiona kama iko mbele yako? Walichokuwa wanapima ni wepesi wa mtu kuzama ndani ya kile anachokiwaza au kukitazama. Wengine huzama upesi, wengine hubaki ukingoni, na wote ni wazima wa akili. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann, aliyeishi miaka kadhaa na waumini wa makanisa ya kiinjili Chicago na California, aliwapa baadhi yao dodoso hilo. Waliopata alama za juu ndio waliosema kwa wingi kuwa Mungu ni kama mtu anayeongea nao, na wengine walimsikia kwa masikio. Hapa ndipo ninapotaka kiongozi wenu asome: alama hizo hazikuendana na wingi wa saa mtu anazosali. Mtu anaweza kusali sana na asisikie, mwingine akasali kidogo na akasikia.

Lakini maumbile siyo yote. Luhrmann aligawa watu kwa bahati nasibu: kundi moja lilisali kwa kuwazia visa vya Injili kwa hisi zote, nusu saa kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja, na jingine lilisikiliza mihadhara kuhusu Injili hizo hizo. Waliosali kwa kuwazia walianza kuona picha za akilini kwa uwazi zaidi, na waliripoti mara nyingi zaidi mambo kama kusikia sauti au kuhisi kuwa kuna aliye karibu. Kwa hiyo mdogo wako huenda ana kipaji na ana mazoezi, vyote viwili. Kama mwimbaji.

Na usidhani ukimya ni wa watu baridi. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zinaonyesha aliishi miongo mingi akisali bila kumhisi Mungu, na kazi yake hakuiacha.

Nikuulize jambo moja, na naomba unijibu kwa ukweli. Je, ukimya huu uko kwenye sala tu, au na muziki, chakula na maongezi navyo vimepoteza ladha? Kama ni vyote, mwone daktari kabla ya kumwona kiongozi yeyote, maana sonona nayo hufunga milango, na ina tiba.

Mama wa Watatu alijibu:

Mimi niko upande wa mdogo wako. Mume wangu alipofariki nilimhisi chumbani, si ndoto, nikiwa macho kabisa. Sikumwambia mtu, niliogopa kuitwa mwehu. Baadaye nikasoma kuwa daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, aliwahoji wajane na wagane 293, na utafiti wake wa mwaka 1971 ulionyesha karibu nusu walishawahi kumhisi mwenzi wao aliyefariki, wengi wao wakiwa hawajamwambia yeyote. Nilishukuru mno. Mwanangu, sisi tunaohisi hatukufanya kazi yoyote kupata hayo. Usituonee wivu wala usijihukumu kwa ajili yetu.

Hesabu alijibu:

Mimi siamini, na ninasema kwa heshima. Darasani, hoja yako inakata pande zote. Kama kutohisi hakuthibitishi kuwa Mungu hayupo, basi na kuhisi hakuthibitishi kuwa yupo. Mwaka 2006 daktari wa ubongo Olaf Blanke na wenzake walichochea kwa umeme sehemu ya ubongo wa mgonjwa mmoja wa kifafa, naye akahisi kuna mtu nyuma yake akimuiga mkao. Hakukuwa na mtu. Dada, labda ukimya unaousikia ndio ukweli wenyewe, na wewe ni mkweli kuliko wanaokulaumu.

Darasani alijibu:

Hesabu, sehemu ya kwanza nakubali bila kusita. James alisema karibu hivyo hivyo: mambo haya yana mamlaka kwa aliyeyapata, lakini hayamlazimu mwingine kuyakubali. Sehemu ya pili ndipo tunapoachana. Nikichochewa ubongo nikaona mwanga, haina maana jua halipo. Mwaka 2009 Uffe Schjoedt na wenzake huko Denmaki waliwapima Wakristo kwa mashine ya kupiga picha za ubongo wakisali kwa maneno yao wenyewe, na sehemu za ubongo zilizowaka ni zile tunazotumia tunapoongea na mtu halisi. Walipomwomba Santa Claus, yule mzee wa zawadi za Krismasi wa hadithini, hazikuwaka hivyo. Hilo linatuambia jinsi waumini wanavyomchukulia Mungu. Kama upande wa pili kuna anayesikiliza, mashine haina uwezo wa kutuambia, si kwako wala kwangu.

Dada Mkubwa alijibu:

Asanteni nyote. Mwalimu, chakula nakila vizuri na ninacheka na watu. Lakini umenigusa kwenye muziki. Hata nyimbo za kwaya wenzangu wakilia mimi nahesabu beti zimebaki ngapi, na sinema mdogo wangu akishtuka mimi nauliza taa zao wameziweka wapi. Nimekuwa hivyo tangu mtoto. Mama Watatu, ubarikiwe. Ndugu Hesabu, nimekusoma bila kinyongo, ila nitaendelea kusali. Jumapili nitakaa na kiongozi wetu, sisi wawili tu, nimweleze habari ya saa na alama, kwa sababu kwenye kikundi kuna binti mwingine aliyeambiwa kama mimi, naye ameacha kuja.