Naombeni ushauri: kahama chama wiki moja baada ya kukatwa jina, nimwamini?

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kaka wa mtaani kwetu aliongoza kura za maoni za udiwani, jina likakatwa huko juu. Wiki haijaisha kapanda jukwaa la chama kingine, kavua shati la zamani mbele yetu, anasema amechoshwa na dhuluma. Jana usiku kaja nyumbani, anataka niwe wakala wake. Mama alipozidiwa, huyu ndiye aliyehangaikia gari saa nane usiku. Ila dhuluma hiyo hiyo tuliilalamikia akiwa katibu wa tawi, akatuambia tuvumilie. Nampimaje?

Mzee wa Kahawa: Mdogo wangu, haya tuliyaona 2015. Lowassa, waziri mkuu wa zamani, CCM walimkata jina la urais Dodoma mwezi Julai, mwezi haujaisha yuko chama cha upinzani CHADEMA, kwa walewale waliomtaja kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga 2007. Nilipanga foleni tangu alfajiri nimpigie kura. Machi 2019 akarudi CCM. Iliniuma sana. Muulize swali moja tu: angepitishwa, angehama?

Binti Pangani: Mzee wangu, hapo napingana nawe kidogo. Mgombea binafsi haruhusiwi hapa Tanzania, kwa hiyo aliyekatwa hana mlango mwingine ila chama kingine. Na diwani akihama akiwa madarakani, kiti kinakwenda. Ndiyo maana wengi husubiri. Hata Dkt. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA aliyejiondoa kwa kumkataa Lowassa, nilimwona ndiye mkweli kuliko wote. 2017 serikali ya CCM ikamteua balozi. Mimi siku hizi siangalii kahama lini, naangalia anayasema yale yale hata kwa watu wasiomshangilia.

Mama Wawili: Mdogo wangu, tenganisha mambo. Wakala anaapishwa kutunza siri, anashuhudia kura zikihesabiwa, anasaini fomu ya matokeo. Hiyo ni kazi ya kulinda hesabu, unaweza kuifanya kwa moyo safi. Lile gari la usiku mshukuru, hata mbuzi mpelekee, ila kura yako usiihesabu kwenye deni hilo.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu. Nimempigia, nimemuuliza swali la Mzee. Kanyamaza hadi nikadhani simu imekatika, halafu akasema: "Hapana, nisingehama." Uwakala nimekubali. Kura bado nafikiria, Jumamosi ana mkutano kule sokoni kwa wasiompenda, nitakwenda kumsikiliza.