Muswada wa mbunge wa kawaida Ontario, huwa unafika kweli?

Mgeni_Scarborough: Jamani naomba kueleweshwa, mbunge wetu kapita kugawa vipeperushi anasema ameleta muswada wake mwenyewe pale Queen's Park, bunge letu la jimbo hapa Kanada, sa huyu si waziri wala nini, ni wa upinzani, hiyo kitu inapita kweli au ni siasa tu?

babu_wa_theluji: Mingi inakufa mdogo wangu. Zamu ya kujadiliwa inapangwa kwa droo, halafu hauruhusiwi kugusa hela, kodi au matumizi ni mpaka waziri. Uchaguzi ukiitishwa kabla haujamaliza ndo basi tena, unaanza upya.

Mama Zuu: Ila msimkatishe tamaa. Mwanangu ana pumu, anaenda na pampu yake mfukoni shuleni sababu ya Ryan's Law ya 2015, na ile aliileta Jeff Yurek, alikuwa upinzani wakati huo!! Muulize wako kama ni muswada au hoja, maana hoja hata ikipita sio sheria, ni bunge limetoa maoni tu.

Mgeni_Scarborough: Aisee nimecheki karatasi, imeandikwa hoja 😂 asante mama