Msukumo wa ndani wa msanii: je, malipo huufifisha?

Swali, kutoka Jinja

Ndugu wapenzi wa sanaa, naomba maoni yenu. Mimi ni karani wa ghala, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichora kila jioni bila kuagizwa na mtu wala kutazamia faida. Nikikaa siku kadhaa bila kushika penseli, nakosa utulivu, na hata watu wa nyumbani hulitambua jambo hilo kabla sijalisema. Hivi karibuni hoteli moja iliniagiza picha za mto Nile kwa malipo mazuri. Tangu nilipopokea malipo ya awali, hamu imepungua: nachora kwa kuwa tarehe inakaribia. Je, msukumo huu unaomlazimisha mtu kuumba hutoka wapi, na kwa nini ujira unaudhoofisha?

Jibu, kutoka Mbale

Mimi ni mwalimu wa sanaa, na swali lako linanigusa sana. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa chekechea nchini Marekani, ambao tayari walipenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti likichora. La pili lilichora bila ahadi, kisha likapewa cheti hicho hicho pasipo kutarajia. La tatu halikuahidiwa wala kupewa chochote. Baadaye, vifaa vya kuchorea viliporudishwa darasani na kila mtoto akaachwa achague mchezo wake, wale walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao, ilhali waliopewa cheti kwa ghafla hawakupoteza hamu.

Kwa hiyo kilichodhuru ni ahadi, si cheti. Mtoto aliyekuwa akichora kwa kupenda alianza kuamini kwamba anachora ili apate kitu. Nawaona wanafunzi wangu wakipitia hali hiyo mitihani inapokaribia, na huniumiza.

Jibu, kutoka Masaka

Mwalimu, nakubali matokeo hayo, lakini sikubali kwamba agizo ni adui wa msanii. Tazameni mafundi wa nguo za magome hapa Buganda, hasa wa ukoo wa Ngonge, ambao wamelitumikia jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, kizazi baada ya kizazi. Fundi hubandua gome la mti wa mutuba wakati wa mvua, kisha hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifuo tofauti, akianza na mifuo mipana na kumalizia na ile myembamba, mpaka gome lilainike na kupata rangi ya udongo mwekundu. Kazi hufanyika chini ya banda lililo wazi ili gome lisikauke upesi. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Jumba liliamua nani angevaa na kwa sherehe gani. Lakini kuhusu nguvu ya pigo na wakati wa kubadili nyundo, fundi hakuwa na bwana ila mkono wake mwenyewe. Naamini msukumo huishi katika sehemu hiyo ya kazi ambayo mwenye kuagiza haifikii. Ndugu wa Jinja, hoteli imekuachia sehemu gani?

Jibu, kutoka Gulu

Naongeza jambo moja tu. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Teresa Amabile aliwapa waandishi chipukizi orodha za sababu za kuandika, wazipange kwa umuhimu. Waliopewa sababu za nje, kama vile fedha na sifa, waliandika baadaye mashairi yaliyohukumiwa kuwa na ubunifu mdogo zaidi, ingawa hakuna aliyewalipa chochote kwa mashairi hayo. Kuyafikiria malipo kwa dakika chache kulitosha. Basi ukikaa mezani, hesabu za fedha zisikae nawe.

Aliyeuliza, Jinja

Nawashukuru nyote. Swali la ndugu wa Masaka limenifungua macho, kwa maana hoteli ilitaja hata rangi za machweo na idadi ya mitumbwi. Kesho nitamwomba meneja aniruhusu kuchora maporomoko ya Bujagali jinsi yalivyokuwa kabla ya kufunikwa na maji ya bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Akikataa, nitamalizia machweo yake kama tulivyoagana, na Bujagali nitayachora nyumbani.