Mtoto ana miaka 13 na dani (nyanya yake) hataki aambiwe dawa ni za nini

menta_wa_ziwani:
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wenye wamefanya hii kazi kuniliko. Mimi ni menta wa vijana kwa kliniki moja huku Kisumu, nina miaka 23, na mimi mwenyewe niko kwa dawa za HIV tangu mtoto, kwa hivyo haya mambo sikuyasoma kwa kitabu.

Kuna kijana mmoja kwa listi yangu (nimebadilisha vitu kadhaa hapa asijulikane). Ana miaka 13, yuko gredi 8, analelewa na dani yake. Mamake alifariki yeye akiwa mdogo sana, babake hakuna mtu humtaja hiyo boma. Amekunywa dawa tangu akiwa mtoto wa miezi na mpaka leo hajui ni za nini. Dani alimwambia ni za kifua, ati amerithi kifua kibaya cha marehemu babu.

Sasa shida ni hii. Vairo lodi yake, hiyo hesabu ya virusi kwa damu, ilikuwa chini miaka yote, haionekani kabisa. Hii ya juzi imerudi 14,000 na kitu. Nikamtoa nje tukakaa chini ya mti, tukaongea mpira kwanza, alafu nikamuuliza pole pole dawa inaendaje, akaniangalia akasema, "Lakini mimi sikohoi. Sijawahi kukohoa." Hivyo tu. Nikajua ameacha. Na dani ni mtu makini, anampa kidonge mkononi kila jioni na anahesabu vyenye vimebaki kwa chupa, so nafikiri anakiweka chini ya ulimi anaenda kutema kwa choo.

Nikaenda kwao. Dani alinikaribisha vizuri sana, chai na nduma, mpaka nilipotaja hayo maneno. Akaniambia "nyathina (mtoto wangu), siku utamwambia usikanyage hapa tena, na kliniki pia hatarudi." Anasema kijana atatangaza shuleni, majirani watajua, watoto hawatakula na yeye.

Zamani hii ningeipeleka kwa kliniki yetu ya Jumamosi, tulikuwa na chumba chetu na kaunsela wetu, watoto wanacheza karata wakingoja. Lakini tangu pesa ya Marekani ikatike mwanzo wa 2025 chumba kilifungwa, kaunsela akaenda kwao, na sasa watoto wanapanga laini moja na watu wa malaria na wazee wa presha. Nimebaki mimi na nesi mmoja mwenye watu hadi kwa mlango. Malipo yangu pia yalisimama, asubuhi naendesha boda, mchana ndio naenda kliniki.

Swali: nimwambie mwenyewe kisiri ama ningoje dani? Na nikingoja, hiyo damu inaningoja?

kondele_tu:
Omera mwambie tu. 13 si mtoto, huku kwetu wa 13 anajua mambo kukushinda. Dani atakasirika wiki mbili alafu ataisha.

nesi_wa_bonde:
@kondele_tu wacha kumpoteza mwenzako. Mimi ni nesi Nakuru, nimekaa na watoto wa CCC (kliniki ya watu wa HIV) miaka tisa, na hao wa kuambiwa kisiri nimewaona wakirudi. Ama hawarudi, ndio kusema.

Menta, usimwambie nyuma ya shosho. Si ati hana haki ya kujua, anayo, na amechelewa. WHO walisema tangu 2011 mtoto wa miaka 6 hadi 12 aambiwe hali yake, kidogo kidogo kulingana na akili yake. Lakini huyu mtoto analala kwa shosho, anakula kwa shosho, nauli ya kliniki ni ya shosho. Ukimwambia leo na uende zako, jioni atabaki na mtu ambaye hataki kulisikia hilo neno. Atauliza nani? Na siri ya majibu ya mtu inalindwa na sheria ya 2006 ya mambo ya HIV, wewe kama menta ukiongea bila mlezi unaweza jiingiza pabaya, na kliniki iingie na wewe.

Venye sisi hufanya: mlezi ndiye anaanza, hata kama ni sentensi moja, sisi tunamalizia. Kabla ya hapo tunamuuliza mtoto yeye anafikiri dawa ni za nini. Utashangaa. Wengi wameshajua, wanalinda mtu mzima asiaibike. Huyo wako akisema "sikohoi" anakuambia kitu, anakuambia amegundua hadithi haishikani, sasa anangoja nani atakuwa wa kwanza kukubali. Alafu unaenda na lugha ya kawaida, kuna askari kwa damu, kuna mdudu anayewashambulia, dawa inamlaza huyo mdudu, ukiacha anaamka. Jina la mdudu linakuja mwisho na linasemwa waziwazi, si kwa kunong'ona, juu ukinong'ona atajifunza kunong'ona.

Usifanye siku ya mtihani, wala siku ambayo laini ni ndefu na wewe unaangalia saa. Na mtafute tena ndani ya wiki, uone analala aje, anakula aje, anaongea na nani.

Kuhusu damu: hiyo 14,000 usimfokee nayo. Kama hamezi, kubadilisha dawa hakusaidii chochote, mtu hutema dawa mpya pia. Tunakaa naye vikao kadhaa vya ushauri, akimeza vizuri miezi mitatu tunapima tena, na mara nyingi inashuka yenyewe. Wa chini ya miaka 25 hupimwa kila miezi sita, na ndio maana mmemshika mapema. Angalia pia kilo zake. Akifika 30 anaweza kuwa kwa TLD, kidonge kimoja kwa siku. Kama bado yuko kwa zile za zamani za mara mbili na chungu, hata mimi ningetema.

NyarAlego:
Nimesoma hii nikaacha sufuria kwa jiko ikaungua.

Mnaongea sana juu ya mtoto. Nani ameongea na dani? Mimi nimelea mtoto wa dada yangu kwa hiyo hali, kwa hivyo wacha niwaambie kile hamwoni. Huyo mama haogopi shule. Shule ni ya kukuambia wewe mgeni. Anaogopa swali moja tu, "nani alinipa?" Juu jibu ni binti yake, na binti yake yuko kwa kaburi hapo nje ya nyumba, analiona kila asubuhi akifungua kuku.

Sisi wa Siaya wa umri wangu tulikua tukizika kila Jumamosi. Dawa za bure zilifika tukiwa tumeshazika. Na hatukusema ukimwi, tulisema chira, ati kuna mwiko mtu amevunja, na ukisema chira inamaanisha kuna mtu wa kulaumiwa kwa boma. So dani akisema kifua yeye haoni kama ni uongo. Anaona anamfunika mtoto wake asitukanwe akiwa amelala.

Mimi nilimwambia wa kwangu akiwa na 12, tulikuwa tunaambua njugu. Nilichagua njugu juu mikono ina kazi, macho yanaangalia chini, hakuna mtu anaangalia mwingine usoni. Nikamwambia, mama yako alikuwa na virusi, ulizaliwa navyo, hakukupa kwa kupenda, na dawa unayokunywa ndio imefanya wewe uko hapa unaniibia njugu. Akanyamaza. Alafu akauliza, "Nitakufa lini?" Nikamwambia mimi nitakutangulia. Akaendelea kuambua, dakika kumi hivi, akauliza, "Naweza kupata mtoto?" Hapo nikakwama, sikujua, nikasema tutamuuliza sista. Na nashukuru sikubuni jibu.

Sista alimjibu vizuri kuniliko. Saa hii ana mtoto wake, alipimwa wiki sita, akaendelea kupimwa, hadi ile ya mwisho ya miezi 18 akiwa ameacha kunyonya, hana. Anakimbia tu hapa anavunja vikombe.

Menta, rudi huko bila faili. Usiulize juu ya kijana. Muulize juu ya binti yake, alikuwa mtu wa aina gani.

jina_kapuni_03:
Mimi ndio huyo kijana, ila miaka kumi mbele. Naongezea tu upande mwenye hamna humu.

Mimi niliambiwa ni ya damu kidogo. Nikiwa na 16 nikaandika majina yenye yako kwa chupa kwa simu ya rafiki yangu, tenofovir nini nini, simu ikanijibu sekunde mbili. Rafiki alikuwa amekaa hapo kando. Fikiria. Kitu iliniuma si ugonjwa, ni kukumbuka wote, anti, anko, mpaka jirani mwenye alikuwa ananikumbusha "umekunywa ile yako?", boma nzima ilijua mimi pekee sijui. Nikaacha dawa miezi mitano. Sikuwa nataka kufa, nilikuwa nataka waone.

Nilirudishwa na grupu ya OTZ ya vijana wenye HIV, zile ziro tatu, ziro kukosa kliniki, ziro kuruka dawa, ziro virusi vya kuonekana. Mwanzo niliona ni mambo ya watoto lakini kuna jamaa hapo alisimama akasema alikuwa 200,000 na sasa haionekani, na ako na dem, na dem anajua. Hapo ndio nilisikia mara ya kwanza kwamba virusi visipoonekana kwa damu huwezi mwambukiza mtu ukilala naye. Hakuna daktari alikuwa ameniambia hiyo, ama waliniambia kwa Kingereza cha bango nikapita. Kwa kijana hiyo ndio habari yote, hayo mengine ni maelezo.

So mwambie dani hivi, hiyo chupa ina jina na huyo kijana ana rafiki mwenye simu.

ticha_mulembe:
Mimi ni mwalimu wa bodingi upande wa Kakamega, nitasema kidogo juu nina vitabu vya kusahihisha. Miaka miwili ijayo huyu anaenda gredi 10, pengine bodingi, na huko hakuna dani wa kumpa mkononi. Lazima aende akijua. Wenye huja bila kujua ndio hutupa dawa kwa shimo wiki ya kwanza.

TLD haina lazima ya usiku, haina lazima ya chakula, achague saa ile bweni liko tupu na ashikilie hiyo hiyo. Mtu mzima mmoja tu ajue, metroni ama nesi wa shule, si wote. Chupa ikilia kwa sanduku aweke pamba ndani, asitoe vidonge akafunga kwa karatasi, unyevu unaviharibu. Na shule ikimsumbua juu ya hali yake, hiyo sheria ya 2006 inakataza kumnyima mtoto nafasi ama kumfukuza kwa sababu hiyo. Nimeshaitumia mara moja ofisini, nikasomewa mimi ndio mkaidi.

kondele_tu:
Sawa nimekubali nilikimbia. @NyarAlego hiyo ya njugu imenishika.

nesi_wa_bonde:
@NyarAlego umenifunza na mimi, hapo kwa shosho huwa nakimbia. Tuna dakika saba kwa mtu siku hizi.

menta_wa_ziwani:
Nimerudi. Nimechelewa kujibu juu ya boda, pia nilitaka kwanza niende.

Nilienda Jumapili baada ya kanisa, nikabeba sukari, sikubeba faili. Nikamuuliza dani juu ya binti yake, hivyo tu, alikuwa mtu wa aina gani. Alikaa sana. Alafu akaingia ndani akatoka na picha, msichana amevaa yunifomu ya shule, anacheka na jua liko machoni. Akaniambia alikuwa na sauti, alikuwa anaongoza kwaya. Akaniambia baada ya mazishi walipokuwa wanatoa vitu vyake walipata chupa ndani ya mkebe wa unga, nusu imejaa. Yeye hakujua kusoma imeandikwa nini, kijana wa jirani ndiye alimsomea. Kumbe alikuwa na dawa. Alikuwa amejificha nazo, akiruka akiruka, mpaka akachoka. Dani anasema hiyo ndio inamkula, kwamba angejua angemkumbusha. Ndio maana huyu anamhesabia kila jioni.

Nikamwambia ya huyu kijana inaenda hivyo hivyo, naye pia anaficha, tofauti ni kwamba yeye hajui anaficha nini. Hakujibu. Alimimina chai ikajaa mpaka kwa kisahani.

Baadaye ndio akaniuliza, "Na wewe, mama yako alikuambia aje?" Sikuwa nimejipanga kwa hiyo. Nikamwambia vile ilikuwa, yote, hata pale nilimtukana. Akanishika mkono.

Tumekubaliana Alhamisi, saa moja asubuhi kabla laini haijaanza, nesi amesema atatufungia chumba cha chanjo nusu saa. Dani ndiye atasema ya kwanza. Ameniomba nikae kando yake nisiende mahali.

Nikitoka nje kijana alikuwa anaweka pumzi kwa baiskeli. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Kwani wewe pia una kifua?"

Nikamwambia, kama chako tu.