Wana wa Kibokoni: Safari ya Mnara wa Eiffel

Jumatano, 17 Juni

Zuhura, saa 1:05 usiku
Asalaam aleikum nyote. Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba Abdalla. Naomba ujumbe huu usomwe na kila mtu usiku huu, kwa sababu hauwezi kungoja. Walima wa Rukia ni Jumamosi tarehe 15 Agosti, na tulikwisha kukubaliana kwamba Jumanne tarehe 18 tutakwenda sote kwenye Mnara wa Eiffel. Tiketi za lifti huanza kuuzwa katika tovuti rasmi ya Mnara siku 60 kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo za kwetu zitafunguliwa keshokutwa, Ijumaa. Mnara ule hupandwa na watu zaidi ya milioni 6 kwa mwaka, na Agosti ni mwezi wa likizo, kwa hiyo nafasi za asubuhi tukizikosa hatutazipata tena. Nahitaji jina la kila mmoja, umri wa kila mtoto, na kujua nani anapanda hadi kileleni na nani anaishia ghorofa ya pili.

Zuhura, saa 2:20 usiku
Naona ujumbe umesomwa na karibu watu wote, lakini aliyejibu ni Nasra peke yake, naye amenitumia kidole gumba. Jamani, kidole gumba hakiniambii kama unapanda au hupandi.

Salim, saa 2:31 usiku
Dada Zuhura, mimi nimelelewa na foleni ya feri ya Likoni, tena ya jioni, watu wakitoka kazini. Foleni ya Wafaransa itanifanya nini?

Fatma, saa 2:33 usiku
Salim asije akawasukuma wenzake mbele ya lifti akidhani feri inaondoka. 😂

Salim, saa 2:34 usiku
Nikisikia king'ora tu, nimeruka.

Zuhura, saa 2:41 usiku
Cheka Salim, lakini sikiliza. Pale hakuna foleni moja. Tangu walipouzungushia Mnara ukuta wa vioo na uzio wa chuma, kila mtu hukaguliwa kwanza langoni, hata kama haendi kupanda na anataka kusimama chini tu. Ndani kuna foleni ya dirisha la tiketi, kisha ukaguzi wa pili kabla ya lifti, na ukifika ghorofa ya pili unapanga tena ili upate lifti ndogo ya kwenda kileleni. Tiketi yenye saa maalumu inakuondolea foleni moja tu, ile ya dirishani, lakini ndiyo inayokula saa nyingi na ndiyo inayowachosha watoto kwenye jua. Foleni za ukaguzi haziruki mtu yeyote, kwa hiyo yeyote anayewauzia tiketi ya bei kubwa akiahidi kwamba hamtasimama popote, msimwamini.

Rukia, saa 3:02 usiku
Maneno ya Dada Zuhura ni ya kweli, nami naishi hapa na nimeyaona. Pale nje ya vioo husimama vijana wanaouza minara midogo ya chuma, na wengine huwaita watu wakidai wana tiketi za ziada. Mgeni aliyechoka hununua, kisha langoni anaambiwa ile karatasi haifanyi kazi. Nunueni katika tovuti rasmi tu, mfike mapema kuliko saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na msibebe mizigo mikubwa, chupa za vioo wala makopo, kwa sababu vinakatazwa na pale hakuna mahali pa kuachia mizigo. Jumapili ya tarehe 16 msiifikirie kabisa. Tarehe 15 yenyewe ni sikukuu ya taifa huku, kwa hiyo mji utakuwa umejaa mwisho wote wa juma.

Fatma, saa 3:06 usiku
Na pilau ya Bibi kwenye hotipoti inaruhusiwa?

Rukia, saa 3:08 usiku
Pilau italiwa kwenye nyasi za Champ de Mars baada ya kushuka, Shangazi. Nitaleta mkeka.

Salim, saa 3:09 usiku
Sasa ndiyo nimeiona faida ya safari hii.

Zuhura, saa 3:15 usiku
Tumefika kwenye pilau na sijapata hata jina moja. Bei nazo mzijue: mtu mzima kwenda kileleni kwa lifti hulipa zaidi ya yuro 35, na kuishia ghorofa ya pili hulipa zaidi ya yuro 20. Wenye miaka 12 hadi 24 hulipa karibu nusu, wenye miaka 4 hadi 11 hulipa karibu robo, na chini ya miaka 4 ni bure, ila na wao lazima watolewe tiketi. Ndiyo maana nauliza umri.

Salim, saa 3:17 usiku
Niandike miaka 24.

Fatma, saa 3:18 usiku
Ndevu hizo zimeanza lini, darasa la nne?

Hamid, saa 4:10 usiku
Asalaam aleikum. Nimetoka kazini sasa hivi na nimesoma yote. Mimi nina swali ambalo naona limepitwa. Wewe Zuhura una pasipoti ya Uingereza, unapanda treni na kuingia Paris siku unayotaka. Mimi, mke wangu na watoto, pamoja na Fatma, Salim, Nasra na Bibi, tunahitaji viza ya Schengen ya kuingia Ufaransa. Miadi yetu ni tarehe 7 Julai, na majibu kwa kawaida huchukua siku 15, pengine na zaidi. Tiketi hizi ukishazilipia hazibadilishwi na fedha hazirudishwi. Je, tukinyimwa viza, hasara hiyo ni ya nani?

Zuhura, saa 4:18 usiku
Ni swali zuri, Kaka, lakini tukingoja viza hadi mwisho wa Julai tutakuta tiketi za lifti zimekwisha. Tununue sasa kwa nia njema, na Mungu atatufungulia.

Hamid, saa 4:20 usiku
Kwa nia njema ndivyo tulivyonunua zile za Dubai.

Zuhura, saa 4:26 usiku
Hamid, ya Dubai tusiyalete hapa.

Hamid, saa 4:29 usiku
Nani mwingine atayaleta, ikiwa aliyebaki uwanja wa ndege wa Mombasa na watoto wanaolia ni mimi? Nilitoa mchango wangu wote wa tiketi za kupanda lile jengo refu, nikaambiwa wakala atarudisha, na mpaka leo sijaona hata senti moja. Simtuhumu mtu kuiba. Nasema tu kwamba fedha zile zilitoka mfukoni mwangu, na hakuna aliyewahi kukaa na mimi tukazizungumza.

Zuhura, saa 4:33 usiku
Nilimfuata wakala yule hadi akabadilisha namba ya simu. Wewe unajua nilivyohangaika.

Nasra, saa 4:40 usiku
Naomba kusema jambo la tiketi, kwa heshima. Tiketi za kupanda kwa ngazi hazifunguliwi pamoja na za lifti. Hizo huanza kuuzwa siku 14 kabla, yaani tarehe 4 Agosti kwa siku yetu, na wakati huo majibu ya viza tutakuwa tumeyapata, inshallah. Ngazi kutoka chini hadi ghorofa ya pili ni 674. Sisi vijana tunaziweza, na bei yake ni nafuu kuliko ya lifti. Kwa hiyo wenye pasipoti tayari wachukue lifti sasa, na tunaongoja viza tuchukue ngazi baadaye. Hakuna atakayepoteza fedha.

Fatma, saa 4:44 usiku
Nasra mwanangu, ngazi 674 kwa magoti haya? Mimi hupumzika mara mbili nikipanda kwa daktari wa meno.

Salim, saa 4:45 usiku
Shangazi, tutakubeba kwenye mkeka wa Rukia.

Zuhura, saa 4:50 usiku
Wazo la Nasra ni zuri kwa vijana. Lakini Bibi hawezi ngazi, naye pia anangoja viza. Na kuna jambo jingine: tukimpeleka kwa kiti cha magurudumu, ataruhusiwa ghorofa ya kwanza na ya pili tu. Kileleni hawaruhusu viti vya magurudumu. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza.

Alhamisi, 18 Juni

Zuhura, saa 1:12 asubuhi
Nimeamka nikitarajia majina. Nimekuta picha ya Salim akipanda ngazi za nyumba yake na kuzihesabu. Tiketi ni kesho. Mjomba Abdalla, wewe na familia yako huko Muscat mko wangapi? Bado hamjasema hata salamu.

Nasra, saa 3:30 asubuhi
Bibi amenisomesha ujumbe wote tangu jana, na ameniamuru niyaandike maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze wala nisiongeze.

«Wanangu, nimewasikia. Kwanza, mimi kileleni sina haja nako. Ghorofa ya pili inanitosha, na Zuhura asihangaike kutafuta namna ya kunieleza, mimi si mtoto. Nikifika nikauona mji na nikawaona ninyi mmesimama pamoja, nimefika. Pili, sitaki kwenda jioni mkaniweka kwenye foleni ya ukaguzi wakati wa magharibi. Huko Rukia ananiambia jua la Agosti huzama baada ya saa tatu za usiku. Twendeni asubuhi, milango ikifunguliwa. Tatu, asinunuliwe tiketi mtu ambaye viza yake haijatoka, nikiwamo mimi. Fedha za watu si za kubahatisha. Nne, ya Dubai yamekaa moyoni mwa Hamid miaka, na mlijua, na mlinyamaza, mkaniacha nami nikanyamaza. Tiketi za Hamid, za mkewe na za watoto wake, Zuhura atazilipa. Hapo Dubai imekwisha, na sitaki kuisikia tena, kwa mdomo wala kwa maandishi.»

Fatma, saa 3:52 asubuhi
Tumesikia, Bibi.

Salim, saa 3:53 asubuhi
Tumesikia, Bibi. Shikamoo.

Zuhura, saa 5:40 asubuhi
Nimesikia, Bibi. Nitafanya kama ulivyosema.

Hamid, saa 5:58 asubuhi
Nimesikia, Bibi, na nashukuru. Zuhura, sikutaka ifike hapo. Nitakupigia jioni.

Zuhura, saa 7:20 mchana
Sasa niupange upya mpango huu, naomba msome hadi mwisho. Kesho nitanunua lifti za asubuhi kwa wasiohitaji kungoja viza: mimi, mume wangu, watoto wetu, pamoja na Rukia na bwana harusi. Wote tutaishia ghorofa ya pili, kwa sababu sipendi tuwe kileleni huku Bibi yuko chini yetu, na kwa kufanya hivyo tunaikwepa ile foleni ya lifti ya juu. Nasra na Salim watangoja ngazi tarehe 4 Agosti. Wanaobaki kwenye utata ni Bibi, Fatma na familia ya Hamid, kwa sababu hawawezi au hawapaswi kupanda kwa ngazi, na viza zikitoka mwisho wa Julai huenda lifti za asubuhi zimekwisha.

Rukia, saa 7:45 mchana
Nitakuwa nikiangalia tovuti kila siku, kwa sababu mara nyingine nafasi chache hurudi. Zikikosekana kabisa, madirisha ya tiketi pale chini huuza tiketi za siku hiyo hiyo. Nitatangulia mimi nikapange foleni kabla ya milango kufunguliwa, na Bibi aletwe kwa teksi nikiwa nimekaribia dirisha. Msimpitishe Trocadéro, ule uwanja wa ng'ambo ya mto unaotazamana na Mnara. Picha za pale ni nzuri na hazilipiwi, lakini ngazi zake ni nyingi mno kwake.

Hamid, saa 9:10 alasiri
Rukia, bibi harusi hapangi foleni siku tatu baada ya harusi yake. Nitakwenda mimi.

Salim, saa 9:12 alasiri
Mimi na Kaka Hamid tutakwenda pamoja. Uzoefu wa Likoni usipotee bure.

Zuhura, saa 9:30 alasiri
Hilo tutalipanga. Ila mjue pia kwamba wafanyakazi wa Mnara wakigoma milango hufungwa, kama ilivyokuwa Februari 2024 ulipofungwa siku sita mfululizo. Kwa hiyo asubuhi ya Jumanne kila mtu aangalie tovuti kabla ya kutoka.

Mjomba Abdalla, saa 3:47 usiku
Waaleikum salaam. Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Sisi tuko watano, lakini ndege yetu ya kurudi ni Jumanne hiyo hiyo jioni. Je, haiwezekani iwe Jumatatu?

Zuhura, saa 3:55 usiku
Mjomba, siku ya Jumanne tuliipanga tangu Machi, nawe ulisema ndiyo. Ndege inaondoka saa ngapi?

Ijumaa, 19 Juni

Zuhura, saa 2:05 asubuhi
Nimenunua za kwetu na za Rukia, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, Jumanne tarehe 18. Hamid, nitumie umri wa watoto hata kama tunangoja viza, ili niwe tayari. Fatma, nawe sema kama utataka lifti ikipatikana. Mjomba Abdalla, sijanunua za kwenu kwa sababu hukunijibu saa ya ndege.

Fatma, saa 4:15 asubuhi
Lifti, mwanangu. Lifti.

Mjomba Abdalla, saa 5:30 asubuhi
Nitakupigia baada ya sala ya Ijumaa.